"Mwanangu anapokonya kila kitu, na watoto wenzake wameanza kumkimbia"

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni baba wa watoto wawili, msichana wa miaka 7 na mvulana aliyetimiza miaka 4 majuzi. Kazi yangu ni ulinzi, naingia zamu ya usiku. Kwa hiyo mchana mimi ndiye ninayebaki na mdogo, na dada yake akirudi shule nakuwa nao wote wawili mpaka mama yao arudi jioni. Nakueleza haya ujue kwamba ninayoyasema nayaona kwa macho yangu, sijasimuliwa.

Huyu mdogo hawezi kucheza na mtu. Akiona mwenzake ameshika kitu, anakipokonya. Akiambiwa angoje, anapiga. Akinyang'anywa, anajitupa chini na kulia mpaka sauti inakauka. Mwezi uliopita alimng'ata mtoto wa jirani mkononi kwa ajili ya gari la kuchezea ambalo halikuwa lake wala la yule mtoto. Tangu siku hiyo wale watoto hawaji tena kwetu. Mwalimu wake wa chekechea aliniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba wenzake wameanza kumkwepa. Wakimwona anakuja, wanakusanya vitu vyao wanahamia kona nyingine. Hilo liliniuma kuliko habari ya kung'ata.

Nimejaribu, Mwalimu. Kwanza nilimwekea kwenye simu michezo ya kuelimisha: rangi, herufi, kulinganisha maumbo. Akiwa na simu ametulia kama maji ya mtungini, ungedhani ni mtoto mwingine. Lakini saa ya kuichukua ikifika vita inaanza upya, tena kubwa kuliko ya mwanzo. Baadaye nikanunua mchezo wa ubao, ule wa dadu na vipande vya rangi, nikidhani tukikaa sote watatu atajifunza zamu. Hatukufika hata mzunguko wa tatu. Alikuwa anasogeza kipande chake anavyotaka, dada yake akalalamika, "Baba, anacheza rafu!" Yeye akapindua ubao. Nikamzaba kofi.

Hakulia. Alijikunyata, akafunika uso kwa mikono miwili, akangoja la pili. Picha hiyo naingia nayo lindoni kila usiku.

Mama mkwe anasema nimemlegezea mno, na kila akija ananikumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Mke wangu anasema ni utoto, ataacha. Dada mtu hataki tena kucheza naye kwa sababu, kwa maneno yake, "siku zote mimi ndiye naambiwa nimwachie." Mimi nipo katikati na sijui nishike la nani. Nimesikia kuna michezo ya utulivu inayomfundisha mtoto kuishi na wenzake. Ni ipi, na inachezwaje na mtoto asiyekaa chini hata dakika tano? Tena niambie ukweli: mwanangu ana roho mbaya?

Baba wa Wawili

*

Marahaba, mwanangu.

Hana roho mbaya. Nimelitanguliza jibu la swali lako la mwisho kwa sababu najua usingeyasoma mengine kwa utulivu kabla ya kulipata hilo. Mtoto wa miaka 4 anakitaka kitu kwa mwili wake wote, na breki za kuuzuia mkono bado hazijafungwa. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuwezesha kusita kabla ya kutenda, ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko nyingine zote. Huendelea kukua hata baada ya mtu kupita miaka 20. Mwanao yuko mwanzoni kabisa mwa safari hiyo. Anajifunza kusita kama alivyojifunza kutembea, kwa kuanguka mara nyingi.

Nilifundisha chekechea miaka 27. Katika miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na mtoto kama wako, na kila alipompiga mwenzake nilimkalisha peke yake kwenye kiti cha pembeni, nikamhubiria. Alinisikiliza vizuri. Ukimuuliza "tunafanyaje tukitaka kitu cha mwenzetu?" alijibu bila kukosea: "Tunaomba." Dakika tano baadaye anapokonya tena. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba jibu alikuwa nalo kichwani, ila mikono yake haijawahi kulifanyia mazoezi. Kungoja, kuomba, kukubali kunyimwa, kushindwa bila kupindua ubao, haya ni kama kufunga kamba za viatu. Mtoto hayajui kwa kuambiwa. Anayajua kwa kuyarudia mara mia, tena akiwa ametulia. Sisi wazazi tunachagua kumfundisha saa ile ile ambayo ugomvi umekwisha kuwaka, saa ambayo masikio yake yamefungwa na yetu pia yamefungwa. Mchezo wa utulivu unamhamishia somo saa nyingine, saa ambayo hakuna anayelia.

Sasa kuhusu mama mkwe, na ninamheshimu. Methali anayokukumbusha ni ya kweli, lakini isikilize vizuri: inakuonya usiogope kilio cha mtoto, haisemi umlize. Mwanao atalia zamu ikimpita. Atalia ukisema mchezo umekwisha. Kilio hicho usikiogope, wala usikinunue kwa kumrudishia simu. Kaa karibu naye, mwambie "ulitaka kuendelea, inauma," kisha msimamo wako ubaki pale pale. Hapo unaitii methali ya mama mkwe kuliko unavyoitii kwa kofi.

Na lile kofi. Mtoto aliyejikunyata akingoja la pili ameshajifunza kitu: kwamba mwenye mkono mkubwa ndiye anayeamua. Ndicho anachokwenda kukifanya kwa watoto wadogo kuliko yeye. Nenda kamwombe radhi. Piga magoti ufike usawa wa macho yake, umwambie: "Siku ile ya ubao nilikupiga. Nilikosea. Nilikuwa na hasira na mkono wangu ukaenda. Sitakupiga tena." Usiongeze "lakini na wewe." Huenda asikujibu kitu, akaenda kucheza. Hata hivyo atakuwa amemwona mtu mzima akifanya lile tunalotaka yeye alifanye, na hilo ni somo la kwanza kabla ya mchezo wowote.

Simu sitakwambia uitupe. Herufi na rangi anaweza kujifunza humo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa miaka 3 na 4 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini akiwa amekaa tu, na ikipungua ni bora zaidi. Ila kwa shida yako hasa, simu haina msaada, kwa sababu haina uso. Ukiigonga kwa hasira hainuni. Ukiikatisha haihuzuniki. Haina zamu yake. Kila zamu ni ya mtoto. Utulivu unaouona ni wa mtu ambaye hakuna anayebishana naye, kwa hiyo siku akikutana na mwenzake mwenye matakwa yake mwenyewe anakuwa hana zoezi lolote la kumsaidia.

Ubao wa dadu ulishindikana kwa sababu nyingine. Uliruka ngazi. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwatazama watoto wakicheza gololi, akaona kwamba wadogo, kabla ya kufika kama miaka 7, hucheza pamoja lakini kila mmoja na kanuni zake, na mwisho wote wanaweza kusema wameshinda bila kuona tatizo. Mwanao aliposogeza kipande anavyotaka hakuwa akicheza rafu kwa macho yake. Dada yake, ambaye amefika umri wa kuzijali kanuni, aliona wizi mtupu. Wote wawili walikuwa wakweli. Uweke ubao kabatini, siku yake itafika.

Anza na mpira.

Mpira uwe mlaini, wa kuviringishwa. Mkae sakafuni wewe na yeye, miguu mmeitanua, nyayo zenu zinakaribia kugusana. Kabla ya kuuviringisha unamtazama machoni na kumtaja jina. Anausubiri kwa mikono wazi. Akiupata, na yeye anakutazama, anakutaja "Baba," anaurudisha. Basi. Unaweza kuuona ni mchezo wa kitoto mno kwa mtu wa miaka 4, lakini hesabu yaliyomo: amekutazama, amekuita badala ya kunyakua, amengoja, amepokea, na ameachia kitu anachokipenda huku akiona kwa macho yake kwamba kinarudi. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mtoto anayepokonya mara nyingi anaamini kwamba kitu kikiondoka mkononi kimeondoka moja kwa moja. Mpira unamwonyesha mara 20 kwa dakika tano kwamba kinarudi. Ukizoeleka, mnamwingiza dada yake mnakuwa pembetatu. Hapo kungoja kunakuwa kurefu kidogo, maana mpira unaweza kwenda kwa mwingine kwanza, na yeye lazima akubali kuutazama ukipita.

Uliuliza kuhusu dakika tano. Ni nyingi za kuanzia. Chezeni mbili au tatu, mara mbili kwa siku, na uumalize yeye akiwa bado anautaka. Chagua saa ambayo ameamka na ameshiba. Saa ya jioni aliyochoka usiiguse, na televisheni iwe imezimwa. Mtoto akiwa na usingizi hakuna mchezo duniani utakaomtuliza.

Mchezo wa pili ni mnara. Chukua matofali ya kuchezea, au maboksi matupu, au vifuniko, chochote kinachopangika. Mnara ni mmoja tu, wa wote. Kila mtu anaweka kipande kimoja, kisha anaweka mikono mapajani mpaka zamu yake irudi. Swali la mchezo ni moja: tutafika wapi kabla haujaanguka? Hakuna mshindi kati yenu, mnashindana na mnara. Mwaka 2011 kundi la watafiti huko Ujerumani, akiwemo Michael Tomasello, lilichapisha jaribio ambalo nimelipenda tangu nilisome. Watoto wawili wawili wa miaka 3 walivuta kamba kwa pamoja ili wafikie zawadi, na zawadi ikawaangukia bila usawa, mmoja nyingi na mwingine chache. Waliokuwa wameivuta pamoja waligawana sawa mara nyingi zaidi kuliko wale waliozikuta zawadi tu bila kazi, au wale waliovuta kila mmoja peke yake. Hakuna aliyewahubiria kuhusu kugawana. Jasho la pamoja liliwafanya waone kwamba kitu ni chetu.

Ndiyo maana nakusihi michezo yenu ya mwanzo yote iwe ya upande mmoja. Upo utafiti mwingine wa mwaka 1994 nchini Marekani, wa watoto 70 wa miaka 4 na 5 katika madarasa manne. Walipocheza michezo ya kushirikiana, kupigana kulipungua na kusaidiana kukaongezeka. Walipocheza ya kushindana ikawa kinyume chake. Tena mabadiliko hayo yalionekana hata baadaye, watoto walipoachwa wacheze wanavyotaka. Wewe uliingiza mashindano katika nyumba ambayo tayari ina vita.

Mnara utaanguka, na kuanguka ndiyo sehemu yenye mafunzo kuliko zote, kwa hiyo usiiharakishe. Ukianguka kwa mkono wako, sema kwa sauti: "Aa, umeanguka. Moyo umeniuma kidogo. Navuta pumzi. Tujenge tena." Anahitaji kuona shida hiyo ndogo ikikupata wewe na isikuue. Ukianguka kwa mkono wa dada yake, usimwache mdogo amlaumu, sema "mnara wetu umeanguka." Ukiangushwa na yeye mwenyewe kwa hasira, usimlazimishe aseme samahani. Neno lililolazimishwa halina kitu ndani yake. Mpe tofali la kwanza mkononi mwambie, "Tusaidie kuusimamisha." Kurekebisha kwa mikono ni radhi ambayo mtoto wa umri huo anaielewa.

Sasa nije kwenye mchezo ambao kama nyumba ingekuwa yangu ndio ningeutilia mkazo kuliko yote, na umenijia kwa sababu ya kazi yako. Wewe, mwanangu, unaishi kwa zamu. Unafika lindoni, mwenzako anakukabidhi, anaondoka. Asubuhi na wewe unamkabidhi mwingine. Na asipofika kwa wakati huondoki, unangoja. Kile anachoshindwa mwanao ndiyo kazi inayowalisha. Mfundishe lindo.

Panga vitu vyake vya kuchezea katika duara dogo, liwe ndilo lindo. Tafuta kofia moja. Mwenye kofia anasimama wima, kimya, analinda wakati wengine mnapita polepole mkijaribu kumchekesha bila kumgusa. Baada ya muda mfupi, hesabu mpaka 10 mwanzoni, mlinzi wa pili anakuja mbele yake na kusema, "Nimekuja kupokea zamu." Wa kwanza anavua kofia, anamvisha, anasema, "Lindo liko salama." Kofia ndiyo zamu. Mtoto wa miaka 4 haioni zamu ikisemwa kwa maneno, lakini kofia anaiona iko kwenye kichwa cha nani.

Miaka ya 1940, mtafiti wa Kisovieti aitwaye Manuilenko aliwapima watoto wadogo wanaweza kusimama bila kutikisika kwa muda gani. Walipoambiwa tu wasimame, walishindwa mapema. Walipoambiwa wao ni walinzi, walisimama muda mrefu zaidi, hasa wenzao walipokuwa karibu wakicheza. Mwili ni ule ule, miguu ni ile ile. Walichopewa ni sababu ya kusimama. Na mwanao ana sababu kubwa kuliko wale watoto, kwa kuwa baba yake ndiye mlinzi wa kweli. Siku ya kwanza muache akuone umevaa kofia, umesimama kama unavyosimama kazini.

Ukiona lindo limewakaa, hamia mchezo wa kinyonga. Mnavuka chumba kwa mwendo wa kinyonga, mguu mmoja hewani, mnayumba, na sharti ni mfike ukutani wote kwa pamoja. Anayetangulia anawangoja wenzake. Ni mzuri kwa mtoto mwenye mwili wenye haraka kama wake, kwa sababu humwambii atulie. Unampa utulivu wenye kazi ndani.

Kwa kupokonya na kung'ata tumia soksi. Ivae mkononi, iwe mdomo unaofunguka na kufunga. Soksi haijui kuishi na wenzake. Inamwona mdoli ameshika gari, inalinyakua, mdoli analia. Mgeukie mwanao, umuulize: "Mdoli anajisikiaje? Soksi ingesemaje?" Mwache aifundishe, na soksi ikosee tena na tena mpaka aifundishe vizuri. Usimwambie "ndivyo ulivyomfanyia mtoto wa jirani." Anajua. Ukilitaja jina lake mchezo unageuka kesi, na mtoto aliyeko kizimbani hafikirii, anajitetea. Nilikuwa nao darasani watoto ambao hawakuweza kusema "naomba na mimi ukimaliza wewe," lakini waliifundisha soksi iseme hivyo mara kumi, na wiki chache baadaye nikalisikia neno lile lile likitoka midomoni mwao mbele ya mtoto wa kweli.

Kuna jambo la kungoja ambalo watu wengi hulikosea. Tunamwambia mtoto "vumilia" huku kitu anachokitaka tumekiweka mbele ya macho yake. Walter Mischel, katika Chuo Kikuu cha Stanford kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, aliwapa watoto wa chekechea chaguo: kitu kitamu kimoja sasa hivi, au viwili wakingoja. Walioweza kungoja mara nyingi hawakuwa wakikikodolea macho. Waligeuka, walifunika macho, waliimba, walicheza na vidole. Kwa hiyo mpe wako kazi ya kufanya zamu ikiwa ya mwingine. Ahesabu matofali, ashike kopo la vipande, aimbe wimbo mfupi ambao ukiisha zamu inamfikia. Na kwa kuwa huenda ukasikia watu wakisema kwamba asiyeweza kungoja utotoni ameharibikiwa maisha, ujue pia kwamba mwaka 2018 watafiti walilirudia jaribio hilo kwa watoto zaidi ya 900, na mara walipozingatia hali ya nyumbani na uwezo wa mtoto wa tangu mwanzo, uhusiano kati ya kungoja kule na mafanikio ya baadaye ulipungua sana. Mwanao hajaandikiwa chochote.

Nimemweka dada yake karibu na mwisho, ingawa barua yako imenifanya nimuwaze yeye kwanza. "Siku zote mimi ndiye naambiwa nimwachie." Mwanangu, ana haki. Kila mnapomwambia amwachie kwa kuwa yeye ni mkubwa, watoto wawili wanafundishwa kwa pamoja: mdogo kwamba kelele hulipa, na mkubwa kwamba kuwa mpole ni kupoteza. Acha kabisa sentensi hiyo. Mkubwa akiwa ameshika kitu, ni chake mpaka amalize. Unamwambia mdogo, "Dada bado anatumia. Akimaliza atakupa," kisha unakaa na kilio chake kama tulivyosema. Utashangaa jinsi dada mtu anavyoanza kumaliza mapema kwa hiari yake. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Nadia Chernyak na Tamar Kushnir kwa watoto wa chekechea, na ulionyesha kwamba aliyetoa kitu chake kwa kuchagua mwenyewe, huku angeweza kubaki nacho, alikuwa mwepesi zaidi kutoa tena baadaye kuliko asiyekuwa na chaguo. Kutoa kwa amri hakuachi alama nzuri.

Zaidi ya hayo, mpe muda wake peke yake. Ule ubao wa dadu ucheze naye mdogo akiwa amelala, mzingatie kanuni zote, na ushinde pale unapostahili kushinda. Yeye yuko tayari kwa hilo na ananyimwa kwa sababu ya mdogo wake. Na usimfanye mwalimu msaidizi wa nyumba. Akitaka kuingia kwenye mnara, karibu. Asipotaka, asilaumiwe.

Watoto wa jirani wasirudi kwa mkupuo. Ngoja wiki kadhaa, kisha mwite mmoja, kwa nusu saa, na mchezo uwe ule ambao mwanao ameshaujua vizuri, mpira au mnara. Uwe sakafuni pamoja nao, simu iwe chumbani. Vile vitu anavyovipenda mno kiasi cha kutovigawa, vifiche naye kabla mgeni hajafika. Hata sisi watu wazima tuna vitu tusivyoazima. Muage mgeni mambo yakiwa bado mazuri. Kwa mzazi wa yule aliyeng'atwa nenda wewe mwenyewe, bila mtoto, ukamwombe radhi. Na mwalimu wa chekechea mwambie mnacheza lindo nyumbani, huenda akampa na kule kofia ya kushika, au kazi ya kugawa kalamu. Watoto wenzake wanahitaji kumwona akiwapa kitu.

Michezo ya kushinda na kushindwa itarudi taratibu, labda baada ya miezi. Iwe mifupi ya dakika mbili, ya bahati tupu, kama kurusha dadu nani atapata namba kubwa, ili kushindwa kusionekane ni udhaifu wake. Usimwachie ashinde kila mara.

Mke wako anasema ataacha. Kwa sehemu yuko sahihi. Wengi hupungua wakikua na maneno yakiongezeka. Lakini yapo ya kutazama. Je, ukimwita kwa nyuma akiwa hajakuona anageuka? Watu wasio wa nyumbani wanaelewa sehemu kubwa ya maneno yake? Kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea? Anajiumiza mwenyewe? Haonyeshi hamu ya watu kabisa, hata ya wewe? Likiwepo hata moja, mpeleke kliniki akapimwe masikio kwanza, kisha makuzi yake. Mtoto asiyesikia vizuri hupokonya kwa sababu "ngoja" haikumfikia. Na ikiwa mmecheza karibu kila siku kwa miezi mitatu na kung'ata hakujapungua, nenda vilevile.

Kuhusu wewe: unatoka kazini hujalala, halafu unalea. Siku ambayo macho hayafunguki, usilazimishe mnara. Lala chini sakafuni, mwambie leo Baba ni mlima, magari yapite juu yake polepole bila kumwamsha. Hiyo nayo ni zoezi la mkono mpole, na wewe utapata dakika kumi za kufumba macho.

Kesho anza na radhi, halafu mpira. Dada yake akirudi shule na akataka kukaa nanyi, yeye ndiye aviringishe wa kwanza.

Mwalimu